Mstaafu na kipupwe cha Mombasa: baiskeli, tangi, nguo na mjukuu ndani ya siku moja

MzeeWaTudor

Assalaam aleikum nyote, na wengine hamjambo.

Naomba ushauri wa wanaojua. Nina miaka 63, nimestaafu, nakaa Tudor. Kipupwe kimeingia, jua limepoa, na nataka kuendesha baiskeli siku nne kwa wiki, kama saa moja na nusu kila safari, kwenda Mama Ngina, ile barabara ya kando ya bahari, na kurudi. Siku hiyo hiyo ina kazi nyingine. Mjukuu wa miaka 6 awe langoni kwa shule saa 1:15 asubuhi. Nguo haziishi na hazikauki, magodoro yananuka unyevu, tangi la lita 1,000 halijaguswa tangu kaskazi, na mifereji ya bati imejaa majani ya mwembe.

Baiskeli ni black mamba ya magurudumu ya inchi 28, gia moja, breki za vyuma. Iko barazani tangu Februari. Cheni inaruka nikikanyaga kwa nguvu. Krenki (mkono wa pedali) ya kushoto inalia "tak" kila mzunguko. Rimu zina kutu ya madoadoa, na breki zikipata manyunyu ni kama hazipo.

Niendeshe saa ngapi, na kazi za nyumba nizipange vipi? Baiskeli nianzie wapi? Mjukuu naweza kumbeba kwenye keria? Natumia dawa mbili za presha, moja ni ile ya kukojoza.

Matlai

Waleikum salaam mzee wangu. Tuanze na upepo, maana kipupwe ndicho kipindi kusi inapovuma kwa nguvu zake zote. Usiku na alfajiri hulegea. Ikifika saa 3 au saa 4 asubuhi, nchi kavu ikishapata joto, huanza kukaza, na alasiri ndipo huwa kali kabisa. Jua likitua hupungua tena. Kutoka Tudor kwenda Mama Ngina unaelekea kusini mashariki, kwa hiyo unaipinga uso kwa uso, na kurudi inakusukuma mgongoni. Hapo una bahati ya mahali unapokaa: kazi ngumu unaifanya mwili ukiwa mpya, na ukishachoka unarudi ukisukumwa na upepo. Wanaokaa Ganjoni au Kizingo huanza safari wakisukumwa, wakasahau nafsi zao, kisha wakarudi nyumbani kwa taabu.

Hesabu yake ni hii. Ukienda kilomita 15 kwa saa hewa ikiwa imetulia, kifua kinakata hewa ya kilomita 15. Upepo wa kilomita 20 ukikujia usoni, kinakata ya 35. Ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa kasi, kwa hiyo kifua kinapingwa zaidi ya mara tano ya mwanzo. Ndiyo sababu safari ile ile iliyo nyepesi saa 1 asubuhi inakuwa nzito mno saa 10 alasiri, na mtu anaanza kuilaumu baiskeli.

Mwezi wa Julai jua letu huchomoza kama saa 12:30 asubuhi na kuzama kama saa 12:20 jioni. Mwanga wa kuona shimo la barabarani unaupata kama dakika ishirini kabla ya jua. Siku za shule usijaribu kuendesha kwanza halafu umrudie mtoto, hazitoshi dakika. Unganisha safari: baiskeli ikishakuwa salama kwa abiria, ondoka naye saa 12:50, mshushe, endelea moja kwa moja mpaka Mama Ngina, na uwe nyumbani kabla ya saa 3. Wakati huo ndio upepo unakaza, na sasa unaufaa kwa nguo na magodoro. Siku za mapumziko na likizo ya Agosti toka baada ya sala ya alfajiri, mwanga ukishapatikana.

Njia: jiepushe na Jomo Kenyatta na Digo Road asubuhi, matatu na tuktuk zinakata kushoto bila kutazama. Pita Tononoka, vuka Abdel Nasser ukiwa umeshuka, ingia Makadara, teremka Nkrumah mpaka Fort Jesus, halafu uifuate njia ya Mama Ngina. Usikatie ndani ya Mji wa Kale ikiwa kumenyesha usiku. Vichochoro havipati jua, kabro (matofali ya barabarani) inaota ukungu wa kijani, na tairi nyembamba hapo halina la kushika. Ukilazimika, shuka uisukume.

Jambo jingine, tazama mwezi. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji hapa Mombasa hujaa kati ya saa 10 na saa 11, alfajiri na alasiri. Bamvua la alasiri likikutana na kusi kali, wimbi linapiga jabali la Mama Ngina na mvuke wa chumvi unafika barabarani. Siku hizo asubuhi ni salama, maji yanatoka. Alasiri iache baiskeli nyumbani, kwa ajili ya chuma chake.

FundiGololi

Shikamoo mzee. Nakuomba usiipande kwanza, wala kwa mtaa mmoja. Ile "tak" ya krenki na ile cheni inayoruka ni mambo mawili tofauti, na yote mawili humwangusha mtu anapokanyaga kwa nguvu kuvuka barabara.

"Tak" ya kila mzunguko kwenye krenki ya aina hii karibu kila mara ni pini, ile kabari ya chuma inayoibana krenki kwenye ekseli ya kati. Weka krenki zilale sawa na ardhi, bonyeza pedali zote mbili kwa pamoja kwa mikono, kisha zungusha nusu duara na ubonyeze tena. Ukisikia krenki imecheza kidogo kabla ekseli haijafuata, pini imelika. Fungua nati mpaka ilingane na ncha ya pini, usiitoe kabisa, ili nyundo isiharibu meno. Halafu, na hapa ndipo wengi wanapoharibu, tegemeza krenki kwa chini: bomba la chuma au kipande cha mti mgumu kisimame kutoka sakafuni mpaka kwenye krenki, pini ikipata nafasi ya kutokea. Ukipiga bila tegemeo, pigo lote linaingia kwenye gololi na kuchimba bakuli zake, nawe umenunua kazi nyingine. Piga moja zito, lililonyooka. Vipigo vingi vidogo vinapanua ncha ya pini ndani ya tundu na haitoki tena.

Nenda dukani na pini ya zamani mkononi, kwa sababu ziko za milimita 9 na za 9.5, na kwa jicho huwezi kuzitofautisha. Mpya iingie kutoka upande ule ule, bapa lake likilalia bapa la ekseli. Ikiwa krenki mbili hazikunyooka mstari mmoja, pini moja umeiingiza kinyume. Igongomee kwanza kwa nyundo, ndipo ukaze nati. Nati kazi yake ni kuishikilia tu, ukiitumia kuivuta pini meno yatakatika. Zunguka nayo mtaani dakika kumi, rudi, gonga tena, kaza tena. Rudia baada ya kilomita 50. Pini iliyolegea haikai vile vile, inaila ekseli na krenki pamoja.

Sasa cheni. Black mamba inatumia cheni ya nusu inchi kwa moja ya nane. Twaa rula ya inchi, pima kutoka katikati ya pini moja ya cheni mpaka pini ya 24 mbele yake. Cheni mpya ni inchi 12 kamili. Ikifika inchi 12 na moja ya kumi na sita, anza kutafuta nyingine. Ikifika 12 na moja ya nane, badilisha pamoja na friwili (gia ya gurudumu la nyuma), maana meno yake yameshapinda kama ndoana na yataitafuna cheni mpya kwa muda mfupi. Baada ya kufunga, sukuma ekseli ya nyuma mpaka cheni ya chini, katikati, icheze nusu inchi mpaka robo tatu juu na chini. Zungusha krenki taratibu upime pale inapokaza zaidi, kwa sababu gia ya mbele mara nyingi haikuzunguka sawa. Klipu ya kiungo cha cheni, upande uliozibwa utangulie kule cheni inakokwenda. Ukiweka mdomo mbele, kijiti kidogo tu kinaifungua.

Kabla hujanunua, hakikisha kinachoruka ni cheni. Mtu ashike gurudumu la nyuma huku wewe unakanyaga pedali kwa mkono. Ukiona cheni inapanda juu ya meno, ni cheni na friwili zimelika. Ukiona cheni imetulia lakini pedali inazama ghafla, basi vidole vya ndani ya friwili vimeganda kwa grisi kavu. Laza gurudumu, mimina mafuta ya taa kwenye mwanya wa friwili huku unaizungusha, acha yachuruzike, rudia mpaka yatoke safi, kisha tia oili nyepesi. Grisi humo usiweke kamwe, ndiyo iliyovigandisha.

Gololi nitapita haraka. Baiskeli iliyokaa miezi mitano kwenye hewa ya chumvi inahitaji kufunguliwa habu (vitovu vya magurudumu) zote mbili. Nyuma kwa kawaida ni gololi 9 za robo inchi kila upande, mbele 10 za tatu ya kumi na sita ya inchi kila upande.

Osha kwa mafuta ya taa, futa kavu, jaza grisi, kaza koni, zile nati zinazobana gololi, mpaka ekseli izunguke bila kucheza na bila kukwaruza. Gololi moja ikiwa na doa la kutu, badilisha zote. Mpya zikichanganywa na zilizolika, mzigo wote unabebwa na zile kubwa.

Breki ndiyo nasaha yangu kubwa. Breki za vyuma zinavuta raba kwenda ndani ya rimu ya chuma iliyong'arishwa, na chuma laini kikilowa raba inateleza juu ya filamu ya maji. Hiyo ni tabia yake hata ikiwa mpya, fundi asikudanganye kwamba ataiondoa. Unaweza kuipunguza. Tafuta raba zenye uso wa ngozi, zinashika chuma kilicholowa vizuri kuliko raba tupu. Acha mwanya wa milimita 2 mpaka 3 kati ya raba na rimu. Kila kiatu cha breki kina upande uliozibwa na upande wazi: uliozibwa uelekee kule gurudumu linakozungukia, la sivyo siku ya kubana kwa nguvu raba itachomoka na hutakuwa na breki. Na kukiwa na manyunyu, gusa breki kidogo hatua nyingi kabla ya mahali pa kusimama, uipanguse rimu, halafu ndipo ubane, nyuma ikitangulia. Mvua yenyewe ikianza, shuka.

Tairi za inchi 28 jaza pauni 50. Tazama ubavuni; mpira uliokaa barazani unapasuka kwa mistari midogo, na ukiona nyuzi zimetokeza usilitumie.

Bahari_Shwari

Fundi umeeleza vizuri. Niongeze tu, kwa cheni mafuta ya nazi yanatosha, yapo kila nyumba, na kutu paka ndimu na chumvi, inatoka yote.

FundiGololi

Ndugu yangu, yote mawili yana madhara hapa. Tazama chupa ya mafuta ya nazi saa 12 asubuhi mwezi huu: imeganda, nyeupe, inabidi uiweke juani ndipo imiminike. Mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24, na alfajiri za Julai hushuka mpaka 21 au 20. Basi ndani ya cheni yanaganda hivyo hivyo, na baada ya wiki chache yanakuwa gundi yenye mchanga. Oili chafu ya gari nayo siipendi, ina vumbi la chuma lililokwisha kusagwa ndani yake. Oili ya cherehani ni safi lakini nyepesi, inaoshwa na manyunyu ya kwanza. Kwa msimu huu tumia oili ya gia namba 90: tone moja kwa kila rola, cheni nzima ni kama rola 112, zungusha pedali dakika mbili, kisha ifute kwa nje kwa kitambaa mpaka mkono usichafuke. Oili inayofanya kazi ni ya ndani. Ya nje inakusanya mchanga tu.

Ndimu inaondoa kutu, ni kweli, lakini ukiichanganya na chumvi umekirudishia chuma adui yake. Na cheni usiiloweke kwenye asidi yoyote, iwe ndimu, siki au ukwaju. Chuma cha cheni ni kigumu, asidi inakifanya kikatike bila dalili. Kwa rimu tumia karatasi ya fedha ya jikoni: ifinye iwe donge, ilowe kwa maji matamu, sugua madoadoa mpaka utandu wa kahawia utoke, futa kavu, pangusa kwa kitambaa chenye oili kidogo sana, kisha uifute ile sehemu inayoguswa na raba za breki iwe kavu kabisa. Msasa uache, unaikwangua krome na kutu inarudi na nguvu mpya.

Mzee pengine anajiuliza kwa nini baiskeli inaota kutu ingawa iko chini ya paa. Chumvi iliyotua juu ya chuma hunyonya maji kutoka hewani unyevu ukipita asilimia 75 hivi, na usiku wa Mombasa unapita hapo karibu kila siku. Mvua si lazima, chuma kinalala kimelowa. Kwa hiyo baada ya Mama Ngina, ipanguse kwa kitambaa kilichoroweshwa maji matamu na kukamuliwa, halafu kikavu. Dakika tano. Maji ya kisima chenye chumvi usiyatumie kwa baiskeli hata kama ndiyo yaliyopo. Na baiskeli ihamishwe kutoka baraza la upande wa kusini. Ikikosa mahali, iingie ukumbini.

BiSalama_Tudor

Hujambo babu. Wenzangu wamezama kwenye baiskeli, acheni nishike nyumba.

Tangi lisafishwe siku moja kabla ya siku ya mgao wenu wa maji, ili usimwage maji ambayo hujui yatarudi lini. Tumia mpaka yabaki kama shubiri moja. Funga valvu ya kuingilia na ya kwenda nyumbani. Mtu asiingie ndani ya tangi, na asiwe peke yake juu. Brashi ya mpini mrefu inatosha kwa tangi la plastiki. Sugua kuta kwanza, kisha sakafu, toa tope kwa tundu la chini au kwa ndoo na kitambaa.

Dawa: vitabu vinasema jaza tangi zima, tia klorini ya kutosha miligramu 50 kwa lita, acha saa 12, mwaga. Kwa Jik ya asilimia 3.5 hiyo ni kama lita moja na nusu kwa tangi lako. Lakini nani wa mtaa wa mgao atamwaga lita 1,000? Njia ya kubana maji ni hii: ndoo ya lita 20, tia mililita 120 za Jik hiyo hiyo, isiyo na manukato, paka kuta na sakafu ya tangi kwa brashi, acha nusu saa zikiwa zimelowa, suuza mara mbili kwa ndoo chache. Fungua kila bomba maji ya suuza yapite mpaka harufu ifike, kisha yamwage. Soma asilimia kwenye lebo, ikiwa si 3.5 hesabu inabadilika. Usiichanganye na dawa ya choo yenye asidi, gesi yake inaua. Na vaa glavu na nguo usiyoijali.

Mifuniko ya tangi na mapipa ifungwe sawasawa. Mvua za Mei zikishapita, mifereji iliyoziba na vyungu vya maua vinabaki na maji, na mbu wa dengi anatosheka na kiasi cha kikombe. Yeye huuma mchana. Yai linakuwa mbu kwa siku saba mpaka kumi, kwa hiyo chochote chenye maji yaliyotuama kimwagwe kila wiki, si kila mwezi. Mifereji, mtafute kijana apande yeye. Ukimshikilia ngazi, miguu ya ngazi iwe mbali na ukuta robo ya urefu wake: ngazi ya mita 4, mita moja. Bati lina ukungu asubuhi, apande baada ya saa 4 likishakauka.

Nguo zinanuka kwa sababu zinachukua saa nyingi mno kukauka, si kwa sababu ya sabuni. Zianikwe saa 3, kamba ikiukata upepo, si kuufuata, na vibanio viwili kwa kila nguo. Sare ya mtoto igeuzwe ndani nje, mifuko itokeze, na iwe na nafasi ya mkono mmoja na nguo ya pili. Manyunyu ya kusi huja kutoka baharini na kwisha ndani ya dakika chache: ukiona wingu la chini limeinamia upande wa bahari, anua zilizokaribia kukauka kwanza. Zilizolowa ziache, hazina la kupoteza. Sare fua Ijumaa jioni na Jumatano, usingoje Jumapili, maana Jumapili ya mvua inakuachia Jumatatu ya sare mbichi.

Magodoro toa saa 4, yasimame yakiegemea kitu, yageuzwe saa 6, yaingie kabla ya saa 9 hewa haijarudi unyevu. Kabati lililogusa ukuta wa kusini lisogeze shubiri moja. Nyuma yake ndiko kunakoota kuvu.

Nesi_Kizingo

Mzee, kabla ya yote pima presha na umuulize daktari wako kuhusu mazoezi, hasa kama mazoezi umeyaacha kwa muda. Dawa usiruke wala usihamishe saa yake kwa ajili ya baiskeli bila kuuliza.

Dawa ya kukojoza na hewa ya baridi zinaungana vibaya. Jasho linakauka na upepo, huoni umepoteza maji, na kiu mtu wa umri wako huchelewa kuihisi. Kunywa glasi moja kabla ya kutoka, beba nusu lita, unywe kidogo kila baada ya dakika 15 au 20. Ukishuka, simama kwa kushika usukani dakika moja kabla ya kutembea, kichwa kisizunguke.

Saa moja na nusu si ya wiki ya kwanza. Anza dakika 20, siku tatu, ongeza dakika tano au kumi kila wiki. Lengo la Shirika la Afya Duniani ni dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, na kwako utalifikia bila haraka. Wastani maana yake unaweza kuzungumza sentensi nzima lakini huwezi kuimba. Tumia kipimo hicho, usihesabu mapigo, kwa sababu baadhi ya dawa za presha huyazuia kupanda na hesabu inakudanganya. Kifua kikibana, mkono au taya likiuma, au pumzi ikakatika bila sababu: simama, kaa, omba msaada, usimalizie safari.

Magoti: kiti kikiwa chini mno ndicho kinachoyaumiza. Kaa juu ya kiti, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa, mguu unyooke. Ukikanyaga kwa kawaida goti litabaki limepinda kidogo. Ukiwa mgeni barabarani kishushe sentimita mbili ili vidole viguse chini, kisha ukipandishe ukizoea. Na siku mbili kwa wiki zoezi la nguvu na la kusimama kwa mguu mmoja, umeshika ukingo wa meza. Kushuka kwenye baiskeli yenye bomba la juu kunataka mizani kuliko kuiendesha.

MzeeWaTudor

Mungu awajaze kheri. Nimepima: cheni ni inchi 12 na moja ya nane, na krenki ya kushoto inacheza. Cheni, friwili na pini zote nitabadilisha. Limebaki la mjukuu. Keria yangu ni ya vyuma vya kawaida, hakuna kitu pembeni. Ana kilo 19.

FundiGololi

Hongera kwa kazi, mzee. Kilo 19 keria ya black mamba inaibeba, hiyo si shida. Shida ni miguu yake. Mtoto akikaa nyuma bila kizuizi, kisigino chake kiko sawa sawa na spoki, na wakati wa kona anaubana mguu kwa hofu, ukaingia kati ya spoki na bomba la nyuma. Ngozi ya kisigino inachunika mpaka mfupa, na mara nyingine mfupa wenyewe unavunjika. Ndiyo ajali ya kawaida ya keria.

Kwa hiyo, kabla hajapanda: wavu mgumu au kipande cha plastiki nene pande zote mbili za gurudumu la nyuma, kutoka madigadi mpaka karibu na ekseli, kikifungwa kwa waya sehemu nne kila upande na ncha za waya zikipindwa kwa nje. Vikanyagio viwili vifungwe kwenye nati za ekseli au vichomelewe kwenye miguu ya keria, kwa urefu ambao nyayo zake zinakaa bapa. Kishikio cha mikono nyuma ya kiti chako, maana akikushika shati atakuvuta. Mto wa kiti ufungwe, usitandikwe tu. Viatu vya kufunika, si patipati, kamba za viatu ndani. Mkoba wa shule uuvae wewe kifuani au uutundike mbele. Mkoba mgongoni kwake unamvuta nyuma ukianza kukanyaga. Kofia ngumu kichwani kwake na kwako.

Akipanda, wewe uwe umesimama, miguu miwili chini, breki zimebanwa. Mzigo ukiongezeka nyuma, gurudumu la mbele linakuwa jepesi na usukani unayumba kwa mwendo wa pole. Fanya mazoezi kwanza na gunia la kilo 20 la mchele limefungwa pale pale, uwanjani, upande na ushuke, ugeuke kulia na kushoto, ubane breki. Tairi la nyuma ongeza mpaka pauni 55.

Matlai

Na siku ya manyunyu mpeleke kwa miguu au kwa tuktuk, mzee, kwa sababu ya zile rimu. Baiskeli itakungoja.

BiSalama_Tudor

Babu, ukienda kununua pini na cheni pitia pia kipande cha wavu wa mbu wa plastiki kwa ajili ya mdomo wa bomba la mfereji wa bati, kile kigumu cha matundu madogo. Futi moja inatosha, unakikunja kama donge na kukisukuma juu ya bomba la kuteremkia. Majani ya mwembe yanabaki juu ambako kijana atayaokota kwa mkono, na huna haja ya kuchokonoa bomba zima kwa ufito kila baada ya mvua.